Valvu Iliyozunguka Bila Kufunga

Siku ya 28 ya Ramadhani, baina ya adhuhuri na alasiri, nilifungua kichwa cha mfereji wa bafuni kwetu Fuoni, Unguja, nikiamini maji yamefungwa. Hayakuwa yamefungwa. Yalinipiga usoni, yakanijaa sikio, na kile kipande kidogo cha shaba kinachobeba wosha, kiduara cha kuzuia maji, kikaruka. Nilikisikia kikigonga ukuta mara moja, kisha sikukisikia tena.

Mtaani kisa hiki kimekwisha pata jina: "siku kipofu alipofungua bomba". Watoto wanakisimulia vizuri kuliko mimi, wala sina ugomvi nao. Ila kila anayekisimulia anaanzia kwenye macho yangu, na mimi kila nikikirudia kichwani naanzia juu ya mnara wa tangi, kwenye valvu. Ndiyo maana nimekaa kukiandika chote, pamoja na makosa yangu, ambayo si haba.

Nyumba na maji yake

Maji kwetu ni ya mgao. Yanakuja usiku, na yakija leo huenda kesho na keshokutwa tusiyaone. Yanaingia kwa bomba la robo tatu ya inchi kutoka barabarani, yanapanda hadi kwenye simtanki la lita 1,000 lililokaa juu ya mnara wa matofali, kimo cha mita tatu. Chini ya tangi kuna valvu moja, na kutoka hapo bomba linateremka hadi ndani: jikoni, chooni, bafuni. Ndani ya nyumba hakuna valvu nyingine hata moja. Aliyejenga aliona inatosha. Hakuna pampu pia upande huu. Maji yanashuka kwa uzito wake tu, kama yalivyokuwa yakishuka kutoka Chemchem hadi mjini zama za Sultani Barghash.

Kimo hicho kina habari yake. Maji yaliyosimama kimo cha mita 10 yanasukuma kwa baa 1, na baa ni kipimo cha msukumo. Sisi, kuanzia uso wa maji tangini hadi mfereji wa bafuni, hatufiki mita tatu, kwa hiyo ni chini kidogo ya baa 0.3. Tundu la milimita 15 kwa kipimo hicho linasukumwa kwa nguvu ya nusu kilo ya sukari iliyokaa juu ya kidole. Dole gumba linatosha kulizuia. Bomba la barabarani usiku wa mgao ni jambo jingine, na hilo siligusi.

Macho yangu yaliondoka nikiwa na miaka 31, kwa presha ya macho, la kushoto kwanza. Kazi ya bomba sikuijua nilipokuwa naona. Nilijifunza baadaye, kwa hasira zaidi kuliko kwa mapenzi, baada ya kuchoka kumlipa mtu ujira wa nusu siku kwa wosha inayouzwa bei ya andazi. Siku moja nilimwomba fundi wetu anishikishe. Alisita. "Shekhe, hii kazi ya macho," akaniambia, na maneno hayo akayasema akiwa kajikunja chini ya sinki la jikoni, mkono wake uko nyuma ya bakuli la sinki unatafuta nati. Lakini sauti yake ilikuwa inanijia mimi moja kwa moja, haikugonga kabati. Maana yake uso wake ulikuwa umegeukia upande wangu. Alikuwa haangalii chochote. Nikamuuliza, "Sasa hivi unaona nini?" Akanyamaza kidogo, akacheka, akanisogezea nafasi.

Tangu hapo nina sanduku langu. Wosha za nusu inchi zimetungwa kwenye waya wenye fundo moja, za robo tatu kwenye waya wenye mafundo mawili. Tepu nyeupe ya uzi iko kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, kwa sababu tepu ikiingia mchanga haina kazi tena. Spana kila moja ina mfuko wake, na watoto wanajua kwamba anayehamisha kitu humo atanieleza.

Na niseme kidogo juu ya vipimo, maana hapa hata wenye macho wanapotea. Majina ya bomba yana uongo ndani yake. Uzi wa nusu inchi ukiupima kwa nje ni kama milimita 21, wala si 12.7. Wa robo tatu ni 26 na kitu. Jina lilitokana na uwazi wa ndani wa mabomba ya chuma ya zamani, likabaki kuwa jina tu. Mtoto ukimtuma dukani na rula, atarudi na kitu kisichoingia. Mimi napima kwa mkono: soketi ya nusu inapokea kidole changu cha shahada, ya robo tatu inapokea gumba. Mkono wa mwingine utakuwa na hesabu yake.

Siku yenyewe

Mfereji wa bafuni ulikuwa ukidondoka tangu Shaabani, tone moja kila sekunde tatu au nne. Usiku mmoja niliweka kopo la lita moja chini yake baada ya Isha, na tulipoamka kula daku lilikuwa linamwagika. Kwa nyumba ya mgao, hiyo ni udhu wa mtu. Fundi wetu ni Mpemba, na mwisho wa Ramadhani alikuwa kishapanda boti kwenda kwao Sikukuu. Wosha ninazo, nikasema nitaibadilisha mwenyewe. Nimeshabadilisha za jikoni mara nyingi.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mke wangu alikwenda Darajani kwa nguo za watoto. Alikuwepo mpwa wangu wa miaka 13, na mama mkwe wangu aliyekuja kufunga kumi la mwisho kwetu, yuko jikoni anakuna nazi ya futari.

Juu ya mnara sikupanda. Nilimwahidi mke wangu kwamba sitapanda, ahadi ya zamani, tangu ngazi ilipoteleza mara moja. Nikamtuma kijana akafunge valvu. Nilimsikia akipanda, nikasikia gurudumu la valvu likikwaruza, kisha akapiga kelele kutoka juu, "Imefunga, mjomba!"

"Imekaza?"

"Imekaza!"

Akashuka, akapita bafuni, akachungulia mfereji. "Haudondoki tena," akasema, akaenda zake. Alichungulia baina ya matone mawili. Simlaumu. Alikuwa na saumu, na kule nje wenzake walikuwa wanamsubiri na mpira.

Sasa, mimi nina kanuni. Valvu ikifungwa, kwanza nafungua mfereji wote, naacha maji yaliyobaki bombani yatoke, nasikiliza mpaka pakauke, kisha nahesabu hadi mia. Siku ile sikufanya. Ndoo ya bafuni ilikuwa imejaa nguo zilizorowekwa, sikutaka maji yamwagike bure, nami nilikuwa nimesikia sauti mbili za uhakika, ya kijana na ya kimya cha mfereji. Nikakiacha kipimo changu nikachukua maneno ya mtu.

Nikaondoa mpini, nikafungua kile kikombe kinachofunika, nikaweka spana kwenye kichwa cha mfereji. Mzunguko wa kwanza, mkavu. Wa pili, maji yakaanza kunipenya vidoleni. Nikajiambia hayo ni mabaki. Maji ya mabaki nayajua: yanatoka kwa woga na yanapungua kadiri unavyosubiri. Haya yalikuwa yanazidi. Mkono ulinieleza, mimi nikaendelea kuzungusha.

Wa tano kikang'oka.

Nilichofanya mwanzo ni kuweka gumba kwenye tundu. Maji yakapungua yakawa yananichuruzika mkononi hadi kwapani. Nikapiga kelele kumwita kijana. Akaja mbio, akapanda tena mnara, nikamsikia anazungusha, anazungusha, halafu sauti yake imebadilika: "Mjomba, haiishi!"

Hapo nikajua. Valvu nzima ina mwisho. Ile ya geti ya robo tatu ukiizungusha mizunguko mitano au sita hivi inagota, na kugota kwake unakusikia mpaka kwenye kiwiko. Yetu ilikuwa inazunguka kama gurudumu la cherehani lisilo na mkanda.

Hesabu ya haraka: mfereji ule ukiwa wazi unajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika mbili hivi. Tangi lote lingekwisha katika saa moja na nusu na kitu, na zamu ya maji ilikuwa bado siku mbili. Hatari ya mtu kuumia haikuwepo. Hatari ilikuwa kukaa Sikukuu na watoto bila maji.

Mama mkwe akaja mpaka mlangoni. Kwa wasiojua desturi: mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa kupishana mbali, na mimi nilikuwa nimechuchumaa bafuni na kikoi kilicholowa hadi kunata. Hakuingia. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Umemeza?"

"Sijameza, mama."

"Basi saumu yako ipo. Unataka nini?"

Nikamwambia nataka kizibo, kitu kigumu lakini kinachominyika. Hakuuliza mara mbili. Jikoni kulikuwa na magunzi ya kuwashia moto. Alilikata moja kwa kisu, akalichonga ncha, akalizungushia kipande cha kanga kuukuu, akanipitishia kwa upenyo wa mlango. Kijana alinieleza baadaye kwamba muda wote alikuwa kajitanda mtandio hadi machoni, asije akaonwa na mtu asiyeona.

Gunzi lile nimekwisha lifikiria sana. Kwa mfereji wa kusukumwa na pampu lingefyatuka kama risasi. Kwa baa 0.3 lilikaa, likanywa maji, likavimba, likabana. Wazee walikuwa wanaziba vibuyu kwa gunzi, na tundu la mfereji wetu halikuwa na nguvu kuliko kibuyu cha togwa.

Kisha nikahitaji spana, niliyokuwa nimeiangusha. Kila fundi anajua jina la spana ile inayopanuka na kujibana, ile inayokubali kila nati, na kila mwenye haya anajua kwamba jina hilo halitamkwi mbele ya mama mkwe, seuze mwezi mtukufu. Nikasema, "Ile spana nyekundu." Kimya. "Nyekundu sioni," akajibu. Ni kweli, sijui ni ya rangi gani, niliinunua nikiwa sioni. "Ile inayotanua mdomo, mama." Akaisukuma kwa mguu ikaja mpaka kwangu ikikwaruza sakafu.

Kutafuta kipande

Kilichorudisha kazi nyuma zaidi hakikuwa maji, kilikuwa kile kipande cha shaba. Kina umbo la uyoga mdogo, kijiti juu na bapa chini, na wosha imekaa kwenye bapa. Bila hicho ungeweza kufunga kichwa cha mfereji utakavyo, maji yangepita tu.

Nilikuwa nimesikia kimegonga ukuta wa kushoto, nikaanza kushoto. Kosa. Shaba ikigonga kigae inadunda, na sikio linakupa pale ilipogonga, halikupi pale ilipolala. Nilipoteza robo saa. Halafu nikafanya kama ninavyofanya kila siku kitu kikianguka: nikaanzia kwenye tundu la kutolea maji, maana ndiko sakafu inakoteremkia. Nikaligusa kifuniko chake, kimekaa. Alhamdulillahi. Nikarudi nyuma kwa mistari, kiganja kimelazwa, ukuta hadi ukuta, kila mstari ukipandana nusu na uliopita. Nikazunguka ndoo, nikanyanyua kata. Hakipo. Nilikikuta ndani ya ndara ya mtoto, ya kulia, kisiginoni.

Sasa hivi kabla sijafungua chochote natandika taulo chini na kuziba tundu kwa kitambaa. Ni jambo la kipuuzi kulisema, lakini ndilo lililonikosesha zaidi ya nusu saa.

Wosha ya zamani ilikuwa na mfereji mwingine ndani yake: duara lililochimbika kwa kubanwa na kikalio, yaani ule mdomo wa ndani ya mfereji wosha inapokalia, kina chake kama ukucha, na ndani ya duara chembe ngumu kama mchanga. Ni chokaa. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, na maji yake hubeba jiwe hilo kidogo kidogo mpaka kwenye birika na mifereji. Kipande cha shaba nacho kilikuwa kimevaa ganda lake. Nilikiweka kwenye kikombe, nikakamulia ndimu mbili, nikaweka kikombe sikioni. Ndimu ikikutana na chokaa inalia, mlio mdogo wa kuchemka, kama uji unaoanza kutokota mbali. Mlio ukikoma, kazi imekwisha, au ndimu imekwisha nguvu. Nikakisugua, kikawa laini.

Kurudisha kichwa cha mfereji huku maji yanatoka ndiyo sehemu niliyoiogopa, na ikawa ndiyo nyepesi. Ujanja wake fundi alinifunza siku ile ya sinki: usianze kwa kukaza. Weka uzi juu ya uzi, zungusha kinyume, taratibu, kama unafungua. Utafika mahali unasikia kitu kinashuka, "tk", kidogo sana, kinasikika kwenye ncha za vidole kuliko masikioni. Hapo ndipo mwanzo wa uzi mmoja umetumbukia kwenye mwanzo wa mwenziwe. Sasa ndiyo ukaze. Ukikaza kabla ya hapo, nyuzi zinapandana, na shaba ikishapandana imeharibika.

Nikapitisha kidole cha mwisho haraka ndani ya tundu baada ya kung'oa gunzi, kuhisi kikalio. Palikuwa na chembe moja ya kukwaruza, nikaikuna kwa ukucha. Maji usoni tena, ila safari hii nilikuwa nimefumba mdomo. Mara mbili nilikosa. Mara ya tatu nikasikia "tk". Mizunguko mitatu maji yakawa yanapita kwa pembeni, wa tano yakakata. Nikakaza kwa mkono, kisha spana robo mzunguko, basi.

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha zamani.

Ukuta

Futari ile alikuja jirani yetu mmoja, mtu mzuri, anapenda kusaidia. Alikwenda kunawa bafuni akarudi na hukumu: "Ukuta unavuja ndani. Maji yanatoka kwenye vigae. Itabidi mvunje." Alikuwa ameuona ukuta umelowa, na ulikuwa umelowa kweli, kwa sababu nilikuwa nimeurushia maji mchana kutwa.

Sikubishana naye, maana kula kwanza. Baada ya tarawehe nilifuta ukuta kwa tambara kavu, nikafuta mfereji, nikaviringisha karatasi laini ya chooni mahali pawili: moja shingoni mwa mfereji unapoingia ukutani, nyingine kwenye ungio la kichwa. Karatasi ile ni mpelelezi mzuri. Ikiwa kavu inachakarika ukiiminya. Ikipata unyevu hata wa tone moja inakuwa kimya, inalegea kama mkate uliotiwa chai. Wakati wa daku nikaziminya. Ya ukutani ilichakarika. Ya kichwani upande mmoja ilikuwa kimya. Nikafungua tena, nikazungusha tepu mara sita kwa kufuata mwelekeo wa kukazia, nikarudisha. Safari hii gunzi lilikuwa tayari, na taulo lilikuwa chini. Hatukuvunja kigae.

Kosa liko wapi

Mke wangu anasema kosa ni kumtuma mtoto. Kijana mwenyewe anasema kosa ni lake. Jirani anasema kazi hizi tuwaachie wenyewe. Nimewasikiliza wote, na kila mmoja nimemkubalia kipande.

Ila ichukue valvu ile ya geti uishike. Juu ina gurudumu. Ndani ina ulimi wa shaba unaopanda na kushuka kwenye msumari wenye uzi. Ulimi uko ndani ya mwili wa valvu, na kwa aina ile iliyokuwa kwetu hata msumari haupandi juu ukifunguliwa: unazunguka pale pale. Ikiwa wazi na ikiwa imefungwa, kwa nje ni kitu kile kile. Mwenye macho akiitazama haoni kitu, asiye na macho akiigusa hahisi kitu. Habari pekee inayotoa ni ule mgoto wa mwisho, na mgoto hauonekani, unasikika mkononi. Ulimi ukigandwa na chokaa, na mtu mwenye nguvu akaulazimisha, unakatika kwenye msumari. Kuanzia siku hiyo gurudumu linazunguka bila kikomo na ulimi umebaki pale pale ulipokatikia. Wetu ulikatikia ukiwa umenyanyuka. Lini, sijui. Kwa kuwa hatukuwa tukiifunga, ingeweza kuwa mwaka mzima.

Kwa hiyo nilimtuma mtu kwa sababu ana macho kwenda kufanya kazi ambayo macho hayana nafasi ndani yake. Nilihitaji mkono unaojua mgoto ni nini. Nilikuwa nao, uko begani mwangu, lakini ulikuwa umefungwa na ahadi ya ngazi. Ningemwambia kijana, "Hesabu mizunguko, ikipita kumi shuka uniambie," tungefutari salama. Sikumwambia, kwa sababu mimi mwenyewe nilipomsikia anasema "imefunga" nilisikia kama mtu aliyeona. Miaka yote hii bado naipa sauti ya anayeona uzito ambao mkono wangu siupi. Hili limenikera kuliko maji.

Na lile onyo la vidoleni, mzunguko wa pili, hilo halina wa kumsingizia.

Baada ya Sikukuu

Fundi alirudi siku ya nne ya mfungo mosi. Nilikuwa nimekwisha nunua vitu Mwanakwerekwe: valvu mbili za mpini, zile za mpira wa chuma ndani. Hizi ukizishika zinakueleza. Mpini ukilala sawa na bomba, maji yanapita. Ukikata bomba kama msalaba, yamefungwa. Robo mzunguko tu, na haina haja ya mtu kukwambia. Dukani kijana wa kaunta alinipa moja ya nusu katika mfuko wa robo tatu. Gumba langu halikuingia, nikamrudishia. Alisema samahani baba, zinafanana.

Moja tuliiweka chini ya tangi, moja ukutani bafuni kwa kimo cha kifua, ili nyumba isiwe mateka wa mnara. Ya juu alipanda fundi. Ahadi ni ahadi. Aliposhuka nilimwomba kitu kimoja: aniambie mpini umeelekea wapi. Akasema upande wa tangi. Nikamwambia aufunge wote, tuusikie. Haukufika mwisho, uligota kwenye tumbo la tangi ukiwa bado robo. Alipanda tena, akaugeuza. Hakusema kitu, ila aliposhuka aliniuliza ninawaweka wapi vijana wa kujifunza. Nadhani ulikuwa utani.

Kila Ijumaa kabla ya sala naifunga ya bafuni na kuifungua mara mbili, chokaa isipate mahali pa kulala. Pampu ya upande wa barabarani jirani alinishauri niifungue nione kelele yake ya nini. Nikamwambia umeme siuingilii mpaka plagi iwe nimeishika mkononi mwangu mwenyewe, na kwa pampu ile plagi iko ndani ya ukuta, basi iendelee na kelele zake.

Gunzi mama mkwe alilichoma siku ya pili, alipikia tambi. Valvu ya zamani ninayo, iko dirishani. Fundi alipoing'oa aliitikisa, na ule ulimi uliokatika ukalia ndani kama kayamba. Anayekuja kwetu na kile kisa cha kipofu aliyefungua bomba nampa aitikise kwanza, halafu ndiyo aendelee.